Wakulima wa soya na maharage: kabla ya kununua "bakteria wa udongo", chimba shina moja utazame mizizi

MkulimaMadaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu unakaribia, na huku kwetu Ruvuma kila duka la pembejeo lina chupa au pakiti ya "bakteria wa kurutubisha udongo". Chupa moja inadaiwa kuongeza mavuno ya mahindi, mpunga, mihogo na nyanya kwa pamoja. Mimi nalima soya na mahindi hapa Madaba na bakteria nawaamini kabisa. Ndiyo maana inaniuma mtu akiuziwa maji ya rangi, asione kitu, halafu aende kijijini kutangaza kwamba jambo lote ni utapeli. Nitaongelea soya, maana huko ndiko ushahidi ulikonyooka. Wenye mazao mengine waongezee.

Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni. Mahindi yamezungukwa nayo usiku na mchana na bado yanakuwa ya njano kwa kuikosa, kwa sababu mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Viwandani inabadilishwa kuwa mbolea kwa joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo mkubwa, na gesi asilia nyingi inateketea humo. Gesi ikipanda bei duniani, urea nayo inapanda hapa Songea. Sasa wapo bakteria wanaoifanya kazi hiyohiyo kimyakimya kwenye udongo wa kawaida. Wanaitwa raizobia. Wanaingia kwenye vinyweleo vya mzizi wa mmea wa jamii ya mikunde, mmea unawajengea vinundu, unawalisha sukari inayotengenezwa na majani, na wao wanaupa naitrojeni. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha hilo miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe.

Jambo ambalo wengi hatuambiwi dukani ni kwamba si kila raizobia anafaa kila mkunde. Kunde, karanga, choroko na mbaazi hazichagui sana, na bakteria wake wamejaa kwenye mashamba mengi ya Afrika. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wake (kwenye pakiti utaona imeandikwa Bradyrhizobium) mara nyingi hawamo kwenye shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Ukipanda humo mbegu yenye asili ya Marekani kama Bossier bila kuichanja (yaani kuipaka bakteria hao kabla ya kupanda), utachimba na kukuta mizizi mitupu. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, walitafuta njia nyingine: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wamekuwa wakizalisha aina za soya ziitwazo TGx, ambazo zinakubali bakteria wa kienyeji. Zambia nao wana Magoye. Hata hizo, sehemu nyingi zinazaa zaidi zikichanjwa.

Wala si teknolojia ya jana. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kilikuwa na chanjo ya soya iliyoitwa Nitrosua tangu miaka ya 1980. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, na sasa inazalishwa na kampuni ya MEA, Nakuru. Kuanzia 2009 mradi wa N2Africa ukalieneza jambo hili kwa wakulima wadogo wa nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Na Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa soya duniani, hawaweki urea kwenye soya. Wanachanja mbegu. Mwanasayansi wao Mariangela Hungria wa Embrapa, shirika lao la utafiti wa kilimo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025 kwa kazi hiyohiyo.

Namna ya kuchanja. Mara nyingi pakiti ya gramu 100 inatosha kilo 10 hadi 15 za mbegu, lakini fuata maelezo ya pakiti yako. Fanya kazi kivulini. Lowanisha mbegu kidogo kwa maji yenye gundi inayokuja na pakiti, au maji ya sukari kama gundi haipo. Maji yawe machache mno, mbegu ing'ae tu, isivimbe. Mwagia chanjo, geuzageuza taratibu hadi kila punje ivae unga mweusi, bila kubandua ganda la mbegu. Anika kivulini dakika chache kisha nenda shambani. Panda siku hiyohiyo, kwenye udongo wenye unyevu, na ufukie papo hapo. Mtindo wa kudondosha mbegu mstari mzima halafu kurudi kufukia unaua bakteria, jua linawamaliza.

Kisha kipimo. Soya ikianza kutoa maua, chagua mashina kadhaa sehemu tofauti za shamba. Usiyang'oe, maana ukivuta vinundu vinabaki ardhini. Chimba pembeni kwa jembe, inua bonge lote, lichovye kwenye ndoo ya maji udongo uachie. Angalia hasa karibu na mzizi mkuu, kwa sababu ndiko vinakojikusanya kama chanjo ndiyo iliyofanya kazi. Halafu pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, kinafanya kazi. Wekundu huo unatokana na protini ya jamii moja na ile inayoipa damu yetu rangi, kazi yake ni kuwakinga bakteria na oksijeni iliyozidi. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, hicho hakikupi kitu, ama ni kichanga, ama kimezeeka, ama kimeshikwa na bakteria asiyefaa.

Kipimo hiki hakina gharama, na hakuna muuzaji anayeweza kubishana nacho.

NyandaZaJuu

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi niko Mbozi, nalima maharage. Msimu uliopita nilichanja kama ulivyoeleza na chanjo ilikuwa ya maharage, siyo ya soya. Mavuno yakawa yaleyale. Vinundu vilikuwepo, hata kule ambako sikuchanja. Hapo tuseme nini?

MkulimaMadaba

NyandaZaJuu, ulichokiona kimewatokea wengi. Maharage ni mvivu kwenye kazi hii ukiyalinganisha na soya au kunde. Yanakomaa haraka, kwa hiyo muda wa kutengeneza naitrojeni ni mfupi. Pili, maharage yamelimwa Nyanda za Juu vizazi na vizazi, udongo umejaa raizobia wa kienyeji. Hao ni wengi, wameshazoea mazingira, wanawahi mizizi kabla ya wale wa pakiti. Baadhi yao wanajenga vinundu vingi lakini naitrojeni wanayotoa ni kidogo. Umevikuta hata usikochanja, maana yake wenyeji wapo.

Naomba nikuulize mawili. Kupandia uliweka nini? Na shamba limewahi kupimwa uchachu (asidi)?

NyandaZaJuu

Nilipandia bila kitu, nikakuzia urea kidogo majani yalipoanza kuwa ya njano. Uchachu sijawahi kupima.

MtaalamuUdongo

Naomba niingie hapo, maana nimefanya kazi ya ugani na udongo kwa muda mrefu.

Bakteria wanaleta naitrojeni, ila fosforasi hawaleti, na kuvunja naitrojeni ya hewani kunataka nguvu nyingi ambayo mmea hauwezi kuitoa bila fosforasi. Maelfu ya mashamba yetu yana njaa ya fosforasi. Ukichanja bila kuweka mbolea ya fosforasi kama TSP, DAP kiasi kidogo au Minjingu, umewaita wafanyakazi ukawanyima chakula. Majaribio mengi Afrika Mashariki yameonyesha hivyo: chanjo peke yake inasaidia kiasi, fosforasi peke yake inasaidia kiasi, zikikutana ndipo mavuno yanaruka.

Urea nayo ina madhara yake. Mmea ukipata naitrojeni ya bure udongoni unaacha kuwahudumia bakteria, kwa sababu kuwalisha ni gharama kwake. Ukimwaga urea nyingi kwenye mikunde umeamua mwenyewe vinundu visifanye kazi.

Kuhusu uchachu: pH (kipimo cha uchachu, ikishuka ndivyo uchachu unavyozidi) ikiwa chini ya 5.5, aluminiamu inayeyuka na kuumiza ncha za mizizi, raizobia wengi wanakufa, na molibdenamu, madini ambayo kimeng'enya cha kutengeneza naitrojeni hakiwezi kufanya kazi bila hayo, inakuwa haba. Mbozi, Njombe, Songea na magharibi mwa Kenya kuna mashamba mengi ya namna hiyo. Chokaa ya kilimo ndiyo tiba, iwekwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na ichanganywe na udongo. Minjingu ina faida hapa, kwa kuwa mwamba ule wa Manyara unayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye uchachu, na una kalisi ndani yake. Peleka sampuli ipimwe. TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga ndicho kituo cha utafiti wa udongo, na kituo cha Uyole ndicho jirani yako.

ButereShambani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko Butere, Kenya. Haya ya MtaalamuUdongo ni kweli tupu. Huku kwetu udongo umechoka na una asidi. Kikundi chetu tulianza soya kwa Biofix pamoja na ile mbolea ya mikunde isiyo na naitrojeni, Sympal. Wenye mashamba ya asidi kali hawakuona kitu hadi walipoweka chokaa. Baada ya chokaa, mizizi ilijaa vinundu mpaka akina mama wa kikundi walikuwa wakiitana kutazama.

Kuna mkunde mwingine usiovunwa kwa chakula, desmodiamu. Katika ile mbinu ya sukuma-vuta ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi. Inafukuza nondo wa mabua, inazuia kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi), na mizizi yake ina bakteria haohao wa kutengeneza naitrojeni. Ng'ombe wanakula majani, samadi inarudi shambani. Kwa mwenye ekari moja kama mimi, hiyo imenisaidia kuliko chupa yoyote.

DukaLaMkulima

Mimi nauza pembejeo, na naunga mkono uzi huu kwa asilimia zote. Nawaomba wanunuzi wawe wakali kwetu sisi wauzaji. Pakiti ya chanjo ichukulieni kama vifaranga wa siku moja: ukiikuta imeanikwa dirishani juani, au imewekwa chini ya bati la moto karibu na dawa za kuulia magugu, usinunue hata ukipewa bure. Soma tarehe ya mwisho, chanjo nyingi hazivuki miezi sita hivi. Uliza imesafirishwaje. Mimi naziagiza wakulima wakishanipa oda, kwa sababu zikikaa dukani zinakufa na mteja hatajua mpaka maua yatoke.

Halafu mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu, ile ya rangi nyekundu au bluu. Dawa nyingi za aina hiyo zinaua bakteria pia. Ukitaka kuchanja, tafuta mbegu isiyo na dawa. Pia msichanganye chanjo na mbolea kwenye ndoo moja. Chumvi ya mbolea inawaunguza.

Na kwa Tanzania, mbolea zikiwemo za kibiolojia zinatakiwa zisajiliwe na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Bidhaa isiyo na usajili, jina la bakteria wala tarehe, iacheni.

KijanaWaKilosa

Vipi hizi chupa za vijidudu mchanganyiko? Niliuziwa moja kwa ajili ya mahindi, muuzaji alisema ni teknolojia ya Japani, inafufua udongo. Harufu kama ya pombe ya kienyeji. Nimemwagilia nusu ekari sijaona tofauti na upande wa pili.

MtaalamuUdongo

Wazo la kuchanganya vijidudu vya maziwa yaliyoganda, hamira na vinginevyo lilianzishwa na Profesa Teruo Higa wa Okinawa miaka ya 1980. Baadhi ya wakulima wanaona nafuu kwenye kuozesha mboji au kupunguza harufu ya mazizi, na siwezi kuwabishia. Kwa mavuno shambani, Waswisi walifanya jaribio la miaka kadhaa, wakalinganisha mchanganyiko ulio hai na uleule ulioivishwa kwa joto hadi vijidudu vyote vikafa. Matokeo hayakutofautiana. Faida ndogo iliyoonekana ilitokana na virutubisho vilivyomo, vijidudu wenyewe hawakuongeza kitu. Upande wako wa pili wa shamba umekuonyesha jambo hilohilo.

Kubwa zaidi kwetu Afrika ni ubora wa bidhaa. Watafiti waliwahi kupima maabara bidhaa 65 za kibiolojia za kibiashara. Asilimia 37 tu ndizo zilikuwa safi. Asilimia 40 hazikuwa na kijidudu kilichoandikwa kwenye lebo hata kimoja, zilikuwa na vichafuzi vitupu. Fikirieni mkulima aliyeuza kuku anunue chupa ile. Hii ndiyo sababu nawasihi kila mtu aache kipande kisichowekwa kitu, kama ulivyofanya wewe.

Kwa mahindi na mihogo, kijidudu rafiki mkubwa kuliko wote ni kuvu wa mikoriza. Anaingia ndani ya mzizi, anatandaza nyuzi nyembamba mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, analeta fosforasi na kuchukua sukari. Mimea mingi ya nchi kavu inaishi naye, na masalia ya mawe yanaonyesha urafiki huo una zaidi ya miaka milioni 400. Muhogo unamtegemea sana, ndiyo maana unaota hata kwenye udongo duni. Huyo tayari yuko shambani kwako. Anachohitaji ni usichome mabua, usilime na kuvuruga udongo kupita kiasi, usiuache uchi kiangazi kizima, na upande mazao ya kupokezana. Fosforasi ikimwagwa kwa wingi sana, mmea unamtupa. Mimi sijaona sababu ya mkulima mdogo wa mahindi kutoa fedha kumnunua.

MamaKaranga_Kongwa

Wanangu, mimi nalima karanga na mahindi. Sijaelewa kama nami nichanje karanga. Na je, hawa vijidudu wazuri wanasaidia sumukuvu? Mwaka 2016 watu walikufa huku Dodoma na Manyara, hofu yake haijaisha.

MkulimaMadaba

Mama, shikamoo. Karanga chimba kwanza utazame mizizi. Huko Kongwa karanga zimelimwa miaka mingi, naamini utakuta vinundu vyekundu vya kutosha, basi fedha yako iende kwenye mbegu bora na fosforasi.

Kuhusu sumukuvu namwachia MtaalamuUdongo.

MtaalamuUdongo

Shikamoo mama. Kipo, na ni kijidudu kweli. Sumukuvu inatengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, lakini wapo wa ukoo huohuo ambao kwa asili hawatengenezi sumu. IITA na wenzao wa Idara ya Kilimo ya Marekani wakawachukua hao wasio na sumu, wakawapaka kwenye punje za mtama zilizouliwa zisiote. Inaitwa Aflasafe, na Tanzania tunazo zilizotengenezwa kwa kuvu waliopatikana hapahapa nchini, TZ01 na TZ02. Unarusha kilo 4 kwa ekari, kwa mahindi ni wiki 2 hadi 3 kabla ya kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu asiye na sumu anawahi nafasi, mwenye sumu anakosa pa kukaa. Haiongezi gunia hata moja, lakini chakula kinakuwa salama zaidi. Kukausha vizuri na kuhifadhi juu ya chaga bado ni lazima.

NyanyaIringa

Mimi nyanya zangu zina vinundu vingi sana mizizini ila zimedumaa. Kumbe hao ndio bakteria wazuri?

MkulimaMadaba

Hapana ndugu yangu, hao ni adui! Nyanya si mkunde, haina raizobia. Hiyo ni minyoo fundo. Kinundu cha raizobia kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikisugua kwa kidole kinaachia. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, huwezi kulitoa bila kuukata. Hata kwenye maharage minyoo hii inashambulia, kwa hiyo wote tujifunze kutofautisha kabla ya kushangilia. Je, kuipunguza apokezane na mahindi au alizeti? Wataalamu naomba mnisahihishe.

MtaalamuUdongo

Alizeti inashambuliwa pia, na baadhi ya minyoo hiyo inazaliana hata kwenye mahindi. Bangi-pori ile ya maua ya njano na machungwa inayopandwa bustanini inasaidia kuipunguza, pamoja na samadi iliyoiva vizuri na miche iliyokuzwa kwenye udongo safi. Kwa kuoza mizizi kitaluni kuna kuvu aitwaye trikoderma, anakula kuvu wengine wabaya, huyo ana ushahidi mzuri akiwa hai na akiwekwa mapema. Ugonjwa ukishashika shina, amechelewa.

NyandaZaJuu

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho kwangu: nikihamia soya, je, nitachanja kila mwaka? Na mahindi yatakayofuata niache urea?

MkulimaMadaba

Soya ikishashika vizuri, bakteria wanaweza kubaki udongoni miaka kadhaa, ila uchachu na ukame mrefu vinawapunguza. Brazil wanachanja kila msimu hata penye bakteria tayari, na wanapata ongezeko la wastani wa asilimia 8 hivi. Kwa bei ya pakiti ukilinganisha na mfuko wa urea, mimi nachanja.

Urea usiiache kabisa. Soya iliyoshika inaweza kupata nusu au zaidi ya naitrojeni yake hewani, lakini sehemu kubwa inaondoka na punje ulizouza. Kinachobaki ni mizizi na majani yaliyodondoka. Ukipurea nyumbani na kuchoma makapi, umelichoma hata hilo. Rudisha makapi shambani, kisha punguza urea ya mahindi kwa kiasi, ukiangalia rangi ya majani.

Na acha mistari michache ya soya bila chanjo, sehemu yenye udongo sawa na penginepo, fosforasi uweke sawa kote. Hiyo isiyochanjwa ipande KWANZA, kabla hujashika pakiti, maana mikono na ndoo vikishagusa ule unga mweusi utawahamisha bakteria na hutakuwa na cha kulinganisha. Weka vijiti vya alama pembeni. Siku ya kuvuna, pima mistari idadi ileile kutoka kila upande, kwa mzani mmoja, punje zikiwa zimekauka. Maua yakianza, weka picha za mizizi ya pande zote mbili hapa tuzitazame pamoja.